Jua Lilipojificha Nyuma ya Mapaa: Kisa cha Malindi, Novemba 2013

Alasiri ya Jumapili, tarehe 3 Novemba 2013, watu wa mtaa wetu wa Shela, hapa Malindi, tuliteremka pwani kutazama jua likipatwa. Tulikuwa kama thelathini, wakubwa kwa wadogo. Mikeka ilitandikwa mchangani, birika la kahawa likaja na jiko lake, jirani mmoja akaleta sinia la mahamri na mwingine viazi karai. Palikuwa na mabeseni mawili ya maji, filamu ya eksirei, ngao ya fundi wa kuchomelea vyuma, na miwani miwili ya kutazamia jua ambayo kijana wa mtaani aliitoa Nairobi.

Ilipofika saa kumi na moja na nusu, jua likiwa limemegwa kuliko wakati wowote wa siku ile, hapakuwa na hata mmoja pale pwani aliyeliona. Lilikuwa nyuma ya mapaa ya nyumba zetu wenyewe.

Mimi ndiye niliyepanga shughuli ile. Nilikuwa nasomesha sayansi shule ya msingi, na nilikuwa nimewaahidi majirani kwamba wataona kitu ambacho hawatakisahau. Kisa hiki nimekirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile, na naona kina mafunzo ambayo hayakuandikwa katika karatasi yoyote niliyoisoma nikijiandaa. Nitakieleza kama kilivyokuwa, kisha niseme wapi tulikosea na nani hasa alikuwa na jibu.

Kwanza, mambo ya angani. Jua hupatwa pale mwezi unapopita kati yake na dunia, na kivuli cha mwezi kikaangukia ardhi. Jua ni pana kuliko mwezi kama mara 400, lakini pia liko mbali kuliko mwezi kama mara 400, ndiyo maana kwa macho yetu viwili hivyo hulingana, na kimoja kinaweza kukifunika kingine barabara. Kivuli cheusi kabisa hupita kwa njia nyembamba tu. Siku ile njia hiyo ilitoka bahari ya Atlantiki, ikakata Gaboni, Kongo mbili na kaskazini ya Uganda, ikaingia Kenya upande wa Turkana, ikapitia kusini ya Ethiopia na kumalizikia Somalia jua likitua. Waliokuwa nje ya njia hiyo, sisi wa Malindi tukiwemo, jua kwao lilimegwa tu. Kwetu lilifunikwa zaidi ya nusu, likabaki hilali nene.

Redio ilikuwa imetangaza wiki nzima kwamba jua litapatwa kikamilifu nchini Kenya. Neno hilo lilikuwa kweli kwa Turkana, na hata huko giza lilikadiriwa kudumu sekunde chache tu, kisha mawingu na vumbi vikawanyima watu wengi waliosafiri hadi hifadhi ya Sibiloi, kando ya ziwa Turkana. Lakini masikio ya Malindi yalisikia "Kenya" na "kikamilifu", yakajaza mengine yenyewe. Tena yalikuwa na sababu ya kujaza.

Malindi imewahi kuona giza lenyewe. Jumamosi tarehe 16 Februari 1980, kama saa tano na nusu asubuhi, kivuli cha mwezi kilitoka Tanzania, kikapita Taita, kikatokea pwani yetu na kuingia baharini kuelekea Bara Hindi. Hapa mjini giza lilikaribia dakika 4. Bibi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa mama wa watoto wawili siku hiyo, na mara zote husimulia mambo yale yale kwa mpango ule ule, jambo ambalo kwangu ni alama ya mtu aliyeona kwa macho yake. Ulikuwa mwezi wa Maulidi, Mfungo Sita ukiwa ukingoni. Alikuwa chini ya banda la makuti ua wa nyuma, anakuna nazi. Akaona vimwezi vimetapakaa sakafuni, vidogo vidogo, mamia, vyote vimeelekea upande mmoja. Kila kitobo cha makuti kilikuwa kimetupa hilali yake. Vikazidi kukonda. Upepo ukapoa, kuku wakaingia bandani, kisha, kwa maneno yake, "usiku ukaja kwa mbio kutoka bara." Alipotoka uani aliona shimo jeusi juu lenye nywele nyeupe pande zote, na nyota moja kubwa upande wa bahari. Nyota ile ilikuwa Zuhura. Mwezi ule Zuhura ilikuwa nyota ya jioni, mashariki ya jua, na mashariki yetu ni bahari. Simulizi yake na hesabu za wanajimu zinakubaliana, na mimi sikuwahi kumwuliza hata swali moja kabla ya ile Jumapili.

Hapo ndipo naona kosa la kwanza, na ndilo kubwa.

Mahali

Nilichagua pwani kwa sababu ni peupe, pana, na watu wa Malindi tumezoea kukutana pale jua likipungua. Sikukaa nikafikiri jambo ambalo mtoto wa darasa la tatu analijua: pwani ya Malindi inatazama mashariki. Jua hutuchea baharini na kututulia bara, nyuma ya mji. Kupatwa kwenyewe kulianza baada ya saa kumi kidogo, jua likiwa bado juu ya mapaa, na kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Lilianza kumegwa chini, upande wa kulia, kama mahamri yaliyong'atwa. Watoto walipiga kelele za furaha, miwani miwili ikawa inazunguka mkono kwa mkono. Kufikia saa kumi na moja jua lilikuwa limeshagusa vilele vya minazi. Robo saa baadaye ncha za mapaa zikalimeza, na kivuli cha mji wetu kikawa kimetufunika sote pale mchangani.

Anayepanga jambo kama hili hana haja ya chombo chochote. Nyosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi yako unakaribia nyuzi 10 za anga. Saa kumi na moja na nusu jua lilikuwa kama ngumi moja tu juu ya upeo. Ningetoka siku moja kabla, saa ile ile, nikasimama pale pale, ningeona kila kitu kilichotusubiri, kwa sababu njia ya jua kwa siku moja haibadiliki kiasi cha kuonekana. Sikutoka. Nilikuwa nimeshughulika na miwani.

Tukaanza kuhama. Ami mmoja ana nyumba ya ghorofa ambayo haijakwisha, juu bado wazi, akatukaribisha. Vijana na watoto wakapanda mbio. Ngazi ni nyembamba, haina ukingo, na giza la ndani lilikuwa limeshaanza. Wazee hawakuweza, wala kina mama waliobeba watoto. Mtaa ukagawanyika mara mbili: walio juu wakaona, walio chini wakabaki kichochoroni kusikia makelele ya walio juu. Hili lilinichoma kuliko kulikosa jua kule pwani. Shughuli tuliyoiita ya majirani ikawaacha nje majirani waliostahili kupewa nafasi ya kwanza.

Ukuta

Bibi alikuwa kati ya waliobaki chini. Aliketi barazani, akaangalia sakafu, akaiangalia tena. "Vimwezi vyangu siku hizi haviji," alisema. Nilimsikia, nikapita zangu nikikimbilia ngazi.

Mjukuu wake, wa miaka sita au saba, ndiye aliyevikuta. Mwisho wa kichochoro, upande wa bara, pana uwazi baina ya nyumba mbili na mwarobaini mkubwa. Mwanga wa jua ulikuwa unapenya uwazi ule ukiwa umelala kabisa, unachuja kwenye majani ya mwarobaini, na kuangukia ukuta mweupe wa nyumba ya Bibi mwenyewe, nyuma ya mgongo wake. Ukuta wote ulikuwa na hilali. Kubwa, hafifu, zinatikisika kila upepo ukipita, na zote zimefinyana upande mmoja. "Bibi, geuka!"

Naomba msomaji akae hapa kidogo, maana elimu yote ya siku ile iko kwenye ukuta huu. Kitobo chochote kidogo hupitisha taswira ya jua, si ya kitobo. Siku zote yale madoa ya duara tunayoyaona chini ya mti ni taswira za jua; hatuyajali kwa kuwa jua ni duara. Likimegwa, na madoa humegwa. Mwaka 1980 jua lilikuwa karibu utosini, kwa hiyo mwanga ulishuka kupitia makuti na vimwezi vikaanguka sakafuni. Mwaka 2013 jua lilikuwa limeinama, mwanga ukaja ubavuni, na makuti hayakuwa na la kufanya. Vimwezi vikahamia ukutani. Bibi alijua jambo lenyewe kikamilifu. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye dakika tano na kumwuliza: ile siku jua lilikuwa wapi? Tungeulizana swali hilo, mimi ningegundua kosa la pwani na yeye angegeuza kiti.

Mama mmoja wa Kigiriama, mpangaji wa nyumba ya pili, akatoka na chujio la bati la jikoni akalinyanyua mbele ya ukuta. Matundu yakapigwa chapa, kila tundu hilali moja, safi kuliko za majani. Wazee wakasogea. Waliokuwa wamekosa ngazi sasa walikuwa wanaliona jua vizuri, migongo yao imelielekea, macho yao salama, wote kwa pamoja bila kupokezana kitu. Walioko juu walipokezana miwani miwili watu ishirini.

Wakati huo ndipo wanaume walipotoka msikitini.

Maalimu alikuwa ameita swala ya kusufi, ile ya kupatwa kwa jua, baada ya saa kumi na nusu. Ni rakaa mbili, kila rakaa na rukuu mbili, kisomo kirefu. Baadhi ya vijana walinung'unika kwamba angengoja mpaka jua lishike vizuri, au hata mpaka limalize. Nami nilifikiri hivyo, na sikuwa sahihi. Katika madhehebu ya Shafii tunayoyafuata pwani, wakati wa swala hii unapita jua likifunguka, au likitua likiwa bado limepatwa. Siku ile lilikuwa litue limepatwa. Maalimu alijua magharibi ni saa ngapi na jua liko wapi. Kati ya sote waliokuwa na ratiba ya alasiri ile, yake peke yake ndiyo iliyolingana na anga. Aliposimama mbele ya ukuta alikumbusha habari ya Ibrahimu, mtoto wa Mtume, aliyefariki siku jua lilipopatwa, watu wakasema limepatwa kwa kifo chake, na Mtume akawakataza: jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu. Wanajimu huihesabu siku hiyo kuwa tarehe 27 Januari 632. Mzee mmoja akaongeza kwamba leo mwaka 1434 wa Hijria unaishia, Mfungo Tatu, mwezi wake wa mwisho, uko ukingoni, na jua kwa kawaida yake hupatwa mwezi ukiwa umekufa. Ndivyo ilivyo. Jua haliwezi kupatwa isipokuwa mwezi uko upande wake, na huo ndio mwisho wa mwezi wa Hijria. Watu wanaohesabu kwa mwandamo wanayo nusu ya elimu hii mkononi tayari.

Giza ambalo halikuja

Watoto walingoja nyota. Mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mbona haliingii giza?" Nikamjibu ngoja kidogo, na hilo lilikuwa jibu la mtu asiyetaka kukiri.

Jua kamili linang'aa kama mara 400,000 kuliko mwezi mpevu. Likibaki asilimia moja tu, bado ni mwanga wa miezi mipevu 4,000. Kwetu lilibaki sehemu kubwa zaidi ya hiyo. Jicho nalo hujirekebisha taratibu, kwa hiyo mtu asiyeambiwa angeweza kupita mtaani siku ile na kudhani ni wingu la vuli. Kupatwa kwa sehemu na kupatwa kikamilifu havitofautiani kwa kipimo tu, kwamba kimoja ni kidogo na kingine kikubwa. Zile nywele nyeupe alizoziona Bibi mwaka 1980, taji la jua, hazionekani mpaka chembe ya mwisho ya jua imefunikwa. Aliye nje ya njia ya kivuli hapewi sehemu ya taji. Hapewi kabisa.

Ningewaambia majirani wiki moja kabla: siku hiyo hakuna giza, hakuna nyota, tutaona hilali, na hilali ya jua ni jambo zuri lenyewe. Wangekuja wachache, pengine. Lakini waliokuja wangekuja kuona kilichokuwapo. Watu kadhaa waliondoka kabla ya saa kumi na moja na nusu wakisema redio imesema uongo.

Macho

Hapa sina mengi ya kusema kwa upole. Mtoto mmoja wa kiume, wa miaka kumi na mbili, alitumia filamu ya eksirei. Aliishika kwa muda mrefu, kwa sababu jua la jioni lilikuwa limepoa na halikumwumiza. Asubuhi akamwambia mama yake kwamba katikati ya kila anachokitazama pana doa. Alipelekwa hospitali, akaambiwa hakuna dawa, angoje. Doa lilipungua wiki baada ya wiki, na alipofunga shule mwaka uliofuata alikuwa anasoma ubaoni kama kawaida. Wengine hawapati bahati hiyo.

Retina haina mishipa ya maumivu. Jicho linaungua bila kupiga kelele, na dalili huja baada ya saa kadhaa. Filamu ya eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, miwani ya kawaida hata mitatu juu ya mwenziwe, vyote hupunguza mwanga tunaouona na kuacha miale mingine isiyoonekana ipite. Beseni la maji, ambalo nimelikuta kila mtaa tangu utoto wangu, nalo si kinga. Maji yaliyotulia hurudisha takriban asilimia 2 ya mwanga wa jua lililo juu, ilhali jicho linataka jua lipunguzwe kiasi cha mara laki moja. Na jua likiinama kama siku ile, maji hurudisha mwanga mwingi zaidi. Nilikuwa na mabeseni mawili kwenye shughuli niliyoipanga mimi.

Ngao ya fundi ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa kuwa kioo cha kuchomelea kinaweza kuwa salama. Namba huwa imeandikwa pembeni ya kioo. Namba 14 inatosha. Vioo vingi vya mafundi wetu ni vya namba za chini, na vile vya kuchomelea kwa gesi ni vya chini zaidi. Hatukuangalia namba. Kwa miwani ya karatasi, sasa kuna kiwango cha kimataifa cha usalama, ISO 12312-2, na miwani iliyokunjika au yenye tundu ni ya kutupwa.

Mji huu si mgeni wa mambo ya anga. Kutoka jukwaa la kurushia roketi la San Marco, hapo Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani iliyotumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Miaka 43 baadaye mtoto wa Malindi akatazama jua kupitia picha ya mbavu za mtu, nami nikiwa hatua kumi kutoka kwake.

Jua lilitua likiwa bado limemegwa, hilali imelala, rangi ya embe bivu. Walio juu ya ghorofa waliliona likizama nyuma ya minazi ya bara. Sisi wa chini tuliona vimwezi vya ukutani vikipanda polepole, vikifika chini ya mapaa, na kufifia. Adhana ya magharibi ikaanza.

Tarehe 2 Agosti 2027, siku ya Jumatatu, jua litapatwa kikamilifu kuanzia Moroko na Hispania hadi Misri, Saudia, Yemeni na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor giza litazidi dakika 6, na Makka litazidi dakika 5. Malindi tutapata kipande tu, baada ya adhuhuri, jua likiwa juu. Nimeshaanza kuwaambia watu: hakutakuwa na giza. Nimesimama barazani kwa Bibi mwezi wa Agosti, saa nane kasorobo, nikanyosha mkono nikahesabu ngumi. Ziko sita.

Nilimweleza. Alinisikiliza, akauliza mwanga utashukia wapi, nikamwambia sakafuni, kama mwaka ule. Mwanawe alikuwa amekwisha nunua mabati ya kuezeka upya lile banda la ua wa nyuma. Bibi amemwambia mabati yakae kando, makuti hayaondoki mpaka Agosti hiyo ipite.